Ajali Haina Kinga?

Miongoni mwa methali tulizorithi kwa wazee wetu, ni chache zitamkwazo mara nyingi kama ile isemayo kwamba ajali haina kinga. Husemwa matangani ili kuwatuliza waliofiwa. Husemwa kando ya barabara, mahali lori lilipopinduka. Na husemwa penye majivu ya nyumba iliyoungua. Mtu akiisha kuitamka, aghalabu mazungumzo hukoma, kwa maana ni nani awezaye kubishana na jambo lisilokuwa na kinga? Nakuomba, msomaji kijana, tusikome hapo. Tuitwae methali hii tuipime, pasipo kuidharau, tupate kujua mpaka wake uko wapi; kwani methali njema ikitumiwa mahali pasipo pake hudhuru kama dawa njema aliyopewa mgonjwa wa maradhi mengine.

Tuanze na neno lenyewe. Ajali ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani kikomo cha maisha ya mtu. Kwa maana hiyo methali ni kweli tupu: siku ya kufa ikifika, hapana ngao iwezayo kuizuia. Lakini neno lilitembea katika vinywa vya watu, na leo twaita ajali kila jambo baya litokealo kwa ghafula: magari kugongana, chombo kuzama, ndege kuanguka. Neno lilipohama, methali ilihama nalo, na hapo ndipo hatari ilipoingia. Kusema kwamba kila mtu atakufa ni jambo moja. Kusema kwamba gari lisilo na breki halikuwa na budi kupinduka ni jambo jingine kabisa. La kwanza ni unyenyekevu. La pili ni uvivu uliovaa joho la unyenyekevu.

Sisi tuishio Isiolo na kaskazini ya Kenya tuna sababu ya kuliuliza swali hili kwa makini. Nchi yetu ni pana na miji yake iko mbalimbali, na kwa miaka mingi mgonjwa mahututi wa huku alipona au alikufa kwa kadiri ndege ilivyoweza kumfikia. Madaktari waendao kwa ndege walianza kazi yao Afrika Mashariki mwaka 1957, na watu wengi wako hai leo kwa ajili hiyo. Lakini ndege imetuletea pia vilio. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa la Kenya ilikuwa ikiwachukua viongozi kutoka Nairobi kwenda Marsabit, katika safari ya kuzipatanisha jamii zilizokuwa zimemwaga damu. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na ndege ikagonga mlima karibu na mji. Katika watu 17 waliokuwamo, 14 walifariki, nao walikuwamo wabunge kadhaa, Dakta Bonaya Godana akiwa mmoja wao, pamoja na Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Watu waliotoka kwenda kutafuta amani hawakurudi. Siku kama hiyo, mwenye huzuni akiambiwa kwamba ajali haina kinga, ameambiwa neno la upole, na ni haki yake kuambiwa hivyo. Lakini je, fundi aambiwe hivyo? Rubani aambiwe hivyo? Serikali ijiambie hivyo?

Nimechagua kuzungumza juu ya ndege kwa sababu katika kazi ya urukaji wanadamu waliikataa methali hii kwa ushupavu kuliko karibu katika kazi nyingine yoyote. Ndege ilipoanza kuchukua abiria ilikuwa chombo cha kuogopwa. Leo ndege kubwa za abiria ni miongoni mwa vyombo vya usafiri vilivyo salama kabisa duniani. Mabadiliko hayo hayakuletwa na bahati. Yaliletwa na mazoea moja: kila ndege ianguka­po, watu huenda wakakusanya vipande, wakauliza kwa nini, wala hawaondoki mpaka wapate jibu.

Na jibu, msomaji, mara nyingi si lile tunalolidhania. Wengi wetu hufikiri kwamba ajali ni pigo moja, kama radi. Sikiliza habari hii uone ilivyo. Tarehe 18 Aprili 1972, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililokuwa mali ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, ilikuwa ikianza kupaa Addis Ababa katika safari ya kutoka Nairobi kwenda London. Ilikuwa ndege kubwa ya aina ya Super VC10, na ndani yake walikuwamo watu 107. Juu ya njia ya kurukia palikuwa na kipande cha chuma, kifaa kidogo kitumikacho wakati wa kuinua ndege kwa jeki, kilichodondoka kutoka katika ndege nyingine ndogo. Gurudumu la mbele lilikikanyaga, tairi ikapasuka, na rubani akakata shauri kusimama. Lakini breki hazikuwa na nguvu zake zote, kwa sababu sehemu yake moja ilikuwa imeunganishwa vibaya wakati wa matengenezo. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikatumbukia chini, ikashika moto. Watu 43 walikufa.

Ni nani basi aliyewaua watu hao? Chuma kile peke yake hakikutosha, kwani ndege yaweza kupasukiwa na tairi na abiria wake wakashuka wazima. Breki zile peke yake hazikutosha, kwani siku nyingine zisingehitajiwa kwa nguvu kiasi kile. Mambo mawili madogo, yaliyofanywa na watu wawili wasiojuana, yalikutana mahali pamoja kwa dakika moja. Ajali, kwa hiyo, ni mnyororo. Jambo hili lahuzunisha, lakini ndani yake mna tumaini kubwa: mnyororo hukatika pete yake yoyote ikikatwa. Laiti mtu mmoja angaliinama akaokota chuma kile, au fundi mmoja angalitazama kazi yake mara ya pili, huenda watu 43 wangalifika Ulaya. Ndiyo maana katika viwanja vya ndege wako watu ambao kazi yao ni kuzikagua njia za kurukia kila siku, wakiokota msumari, jiwe na kipande cha bati. Wala somo hili halikwisha upesi. Miaka 28 baadaye, tarehe 25 Julai 2000, ndege ya Concorde ilikanyaga utepe wa bati ulioanguka kutoka katika ndege nyingine, karibu na Paris, na watu 113 wakafa. Kazi ya kuinama na kuokota yaonekana duni machoni pa wapita njia, lakini imekingia roho nyingi.

Sasa tuutazame uchunguzi wenyewe, na jinsi unavyodai subira. Tarehe 2 Mei 1952, ndege ya kwanza ya jeti katika safari za kawaida za abiria iliondoka London kwenda Johannesburg, nayo ilitua Entebbe njiani, hata watu wa Afrika Mashariki wakawa miongoni mwa wa kwanza duniani kuiona. Jina lake liliitwa Comet. Iliruka juu na kwa kasi kupita ndege zote za abiria za zamani zake. Lakini tarehe 10 Januari 1954, Comet moja ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba katika bahari ya Mediterania, na watu wote 35 wakafa. Ndege za namna hiyo zilizuiwa kuruka. Mafundi wakarekebisha hapa na pale kwa kukisia. Kisha tarehe 23 Machi zikarudishwa kazini, hali sababu yenyewe haijajulikana. Tarehe 8 Aprili nyingine ilivunjika karibu na Napoli, na watu 21 wakafa.

Hapo ndipo kukisia kulipokoma. Huko Farnborough, Uingereza, wataalamu waliitia Comet nzima katika tangi kubwa la maji, wakaijaza na kuipunguza mkazo ndani yake, tena na tena, kama inavyojazwa na kupunguzwa hewa kila inapopaa na kutua. Nawe waweza kulifahamu jambo walilolitafuta bila ya kwenda Uingereza. Twaa waya, uukunje, uukunjue, uukunje tena. Mara ya kwanza hautadhurika, wala mara ya kumi, lakini mwisho utakatika mkononi mwako. Chuma nacho huchoka. Mwili wa Comet ulikuwa ukivimba na kunywea kama mvukuto wa mhunzi, na penye pembe za matundu yaliyokatwa katika ubavu wake nyufa ndogo zilianza, zikakua, mpaka siku moja ubavu ukapasuka wote. Ndani ya tangi ukapasuka vivyo hivyo, mbele ya macho ya wachunguzi. Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwa na habari za ndege, lakini walikuwa na habari za nyufa. Tangu hapo ndege zote hujengwa na kukaguliwa kwa kukumbuka kwamba chuma huchoka, na kila msafiri aketiye leo karibu na dirisha hukingwa na elimu iliyotoka chini ya bahari ile.

Ajali hizo hizo za Comet zilimfikirisha mwanasayansi mmoja wa Australia, David Warren. Yeye alikuwa mtoto mdogo mwaka 1934 ndege iliyomchukua baba yake ilipopotea baharini, na hakuna aliyesalia kueleza yaliyotokea. Miaka ishirini baadaye aliwaza hivi: je, kama ndege ingalikuwa na chombo cha kunasa maneno ya marubani na hali ya mitambo, chombo kisichoungua wala kuvunjika, wafu wasingeweza kutueleza habari zao? Wazo lake halikupokewa kwa furaha hapo mwanzo, lakini hatimaye chombo hicho kilifanywa lazima. Watu hukiita kisanduku cheusi, ingawa hupakwa rangi ya machungwa ili kionekane kwa urahisi. Yatima hakuweza kumrudisha baba yake, lakini aliwapa wana wa wengine jibu ambalo yeye mwenyewe hakulipata.

Mpaka hapa huenda unasema, msomaji, kwamba haya ni mambo ya mafundi. La, sasa twaingia katika jambo la moyo, nalo ni lawama. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya shirika la Lufthansa, aina ya Boeing 747, ilipaa kutoka uwanja wa Embakasi, Nairobi, kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Mbele ya mabawa ya ndege ile mna vipande ambavyo hufunguliwa ili kulipa bawa nguvu ya kuinua mzigo mzito wakati mwendo ungali mdogo. Siku ile havikufunguka, kwa kuwa vali za hewa inayoviendesha zilikuwa zimefungwa. Ndege iliinuka kidogo, ikatetemeka, ikashindwa, ikaanguka mbele kidogo tu ya uwanja. Watu 59 walikufa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa ndege ya namna hiyo kuua tangu ilipoanza kazi mwaka 1970.

Hapakuwa na taabu ya kumtafuta mkosaji: kulikuwa na watu watatu katika chumba cha marubani, na ukaguzi wa kabla ya kupaa haukufanywa ilivyopasa. Mtu apendaye kulaumu angalifunga kitabu chake hapo. Lakini wachunguzi waliuliza swali la pili: ilikuwaje ndege kubwa namna ile ikaweza kuelekezwa kupaa, hali mabawa yake hayako tayari, na isitokee kengele wala taa ya kumwonya mtu? Ikaonekana kwamba kosa lilo hilo lilikuwa limetokea kabla yake katika safari nyingine mbili, ila marubani wale walifaulu kuziokoa ndege zao. Baada ya msiba wa Nairobi ndipo chombo cha kuonya kilipoongezwa. Fikiri tofauti iliyopo. Ukimwadhibu mtu mmoja, umemtisha mtu mmoja, na kesho mwingine aliyechoka kama yeye atasahau lilelile. Ukiufukia mtego, umewaokoa wote watakaopita njia ile, wenye akili na wasahaulifu pamoja.

Hekima hii imeandikwa katika sheria za mataifa. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Chicago mwaka 1944, na kanuni zake za kuchunguza ajali zilianza mwaka 1951. Kanuni hizo zasema kwamba kusudi la pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kugawa lawama si kazi ya uchunguzi huo. Kenya nayo ni moja ya nchi zilizofungwa na kanuni hizi, na ina idara yake ya kuchunguza ajali za ndege.

Najua utauliza: haki iko wapi basi? Je, mzembe aende zake huru kwa sababu twataka kujifunza? Swali hili ni zito, na halifai kujibiwa kwa haraka. Wako watu wavunjao sheria kwa makusudi, walewao kazini, au wapokeao fedha ili wafumbe macho; hao mahakama zipo kwa ajili yao, na ni haki waende huko. Lakini yafaa kazi ya hakimu na kazi ya mchunguzi zisichanganywe, kwa sababu watu hawa wawili hutafuta vitu viwili. Hakimu hutafuta nani. Mchunguzi hutafuta kwa nini. Mahali ambapo kila kosa huadhibiwa, makosa hayapungui. Yanayopungua ni maungamo. Fundi aliyesahau kukaza skurubu atanyamaza, atoke jasho usiku kucha, na ndege iruke asubuhi. Mahali ambapo mtu aweza kusema, "Nimesahau, irudisheni," bila ya kufukuzwa kazi kwa neno hilo, ndege hairuki. Utajichagulia mwenyewe ni mahali gani ungependa kupandia ndege.

Kusema kweli kwadai ushujaa, na ushujaa huo una taabu ya pekee katika jamii zetu zinazomheshimu mkubwa. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili kubwa ziligongana ardhini katika ukungu kwenye kisiwa cha Tenerife, na watu 583 wakafa. Hapajatokea ajali ya ndege kubwa kuliko hiyo. Rubani mkuu wa ndege moja alikuwa mtu mwenye cheo na sifa katika shirika lake. Alipoanza kupaa, mhandisi aliyekuwa naye aliuliza kama ndege ya pili imekwisha kuondoka njiani. Mkubwa alijibu kwamba imeondoka, na mdogo hakuuliza tena. Baada ya msiba huo mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani jambo lisilokuwa katika vitabu vya mitambo: mdogo ajifunze kusema, na mkubwa ajifunze kusikiliza. Nasi Wakenya tulilipa bei ya somo hilo. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka Douala, Kamerun, na watu wote 114 wakafa. Ripoti ilitaja giza, kupotewa na hisia ya uelekeo, na pia upungufu wa ushirikiano baina ya marubani wawili. Heshima ni nguzo ya malezi yetu, wala simwambii mtoto yeyote aitupe. Lakini kumwacha mkubwa wako aingie shimoni kwa sababu waona haya kumwambia kwamba kuna shimo, huko si kumheshimu. Heshima iliyo kamili hupata maneno ya adabu ya kusema, "Mzee wangu, simama kwanza tutazame."

Basi kuna kujua, na kuna kusema. Na baada ya hayo kuna kusikia. Tarehe 29 Oktoba 2018, ndege mpya ya aina ya Boeing 737 MAX ilianguka baharini huko Indonesia na kuua watu 189. Sababu yake ilianza kuonekana mapema: ndani ya ndege mlikuwa na mtambo uliosukuma pua chini wenyewe, ukitegemea habari za kipimo kimoja tu, na kipimo kikidanganya, mtambo hushindana na rubani. Wakati huo ndege zingine za namna hiyo ziliachwa ziendelee kuruka. Wazee wetu walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Vichwa havikutiwa maji. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ya aina ile ile iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi, ikaanguka baada ya dakika chache, na watu wote 157 wakafa, Wakenya wakiwa wengi kuliko watu wa taifa lingine lolote. Hapo ndipo ndege hizo zilipozuiwa duniani kote, mpaka mtambo ule urekebishwe. Ajali ya kwanza yaweza kuombewa udhuru kwamba haikujulikana. Ya pili ina udhuru gani? Kufanya kosa si kosa. Kosa ni kurudia kosa.

Tena elimu haisafiri yenyewe. Kugonga mlima katika ukungu, kama ilivyotokea Marsabit, ni ajali ya tangu zamani. Mhandisi mmoja wa Kanada, Donald Bateman, alibuni chombo cha kumwonya rubani kwamba ardhi yakaribia. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege moja ilipogonga mlima katika jimbo la Virginia, Marekani, na kuua watu 92, serikali ya huko iliamuru chombo hicho kiwekwe katika ndege kubwa. Ndege kubwa zilikingwa kwanza; ndogo zikafuata pole pole. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, na watu 10 wakafa. Uwanja mdogo wa nyika una haki ya elimu ile ile iliyo katika uwanja mkubwa wa mji, kwa maana roho ya mchungaji wa Merti haina bei ndogo kuliko ya mfanyabiashara wa London.

Limebaki swali moja, nalo ndilo zito kupita yote. Watu wengine husema kwa kujifariji kwamba marehemu wale walikufa ili sisi tusafiri salama. Neno hili lina uzuri wake, lakini si la kweli. Mtu aliyepanda ndege Addis Ababa alitaka kufika nyumbani kwake. Hakuna aliyemwuliza kama angependa kuwa somo. Sadaka hutolewa kwa hiari, na hao hawakutoa, walinyang'anywa. Kwa hiyo faida tuliyoipata haiwezi kuuhalalisha msiba wao, kama vile mavuno mazuri yasivyoweza kuuhalalisha wizi wa shamba. Tulicho nacho ni deni. Nao wenye kutudai hawapo tena kupokea malipo, basi hatuna njia ya kulipa ila kuwalipa walio hai: abiria wa kesho, ambaye jina lake hatulijui. Anayesahau somo amewanyang'anya wafu mara ya pili.

Nawe, msomaji, usidhani kwamba deni hili ni la marubani pekee. Itazame shule. Mwaka 1998 wasichana 26 walikufa kwa moto katika bweni la shule ya Bombolulu, huko pwani. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Mlango uliofungwa na madirisha yenye vyuma vilitajwa katika misiba hiyo, na baadaye mwongozo wa usalama wa shule uliandikwa. Hata hivyo mwaka 2024 watoto 21 walikufa katika bweni la Endarasha, Nyeri. Kila mara tulilia kweli, na kila mara palitokea mtu wa kusema kwamba ajali haina kinga. Kama bweni lingalikuwa ndege, wachunguzi wangaliuliza juu ya kila kitasa, na jibu lao lingalipelekwa kwa kila bweni duniani. Usiku huu, kabla hujalala, utazame mlango wa bweni lako. Je, wafunguka kwa nje? Ufunguo uko kwa nani? Kitanda kimezuia dirisha gani? Ukiona ubaya, useme kwa adabu, na usemapo usichoke. Kesho utakuwa dereva katika barabara ya Moyale, au muuguzi mwenye sindano mkononi, au fundi chini ya bawa. Mazoea ya kutazama mara ya pili hayatakuja siku hiyo kama hayakuanza leo.

Turudi basi kwa wazee wetu tuwape haki yao. Hawakudanganya waliposema kwamba ajali haina kinga. Walisema juu ya kikomo cha uhai, na juu ya hicho hatuna amri. Methali yao tuwaachie waliofiwa, maana ni blanketi la usiku wa baridi. Lakini kukipambazuka tuondoke, twende mahali palipoanguka ndege, tukusanye vipande, tuulize kwa nini. Ajali yenyewe, katika maana yake ya asili, haina kinga. Uzembe unayo.